Kongosho Yangu na Mafuta ya Yeyo

Wapendwa, Mungu amenirudisha nikiwa mzima, lakini kusimama hapa naona aibu. Mnanijua: nakata mawe hapa Kitengela na naimba besi kwenye kwaya. Hamkujua kwamba kila jioni nilipitia pombe kali, halafu natafuna tangawizi nisinuke.

Siku moja tumbo lilinishika juu ya kitovu, maumivu yakapenya mpaka mgongoni. Yeyo, mama yangu, alikuwa amekuja kutoka Kajiado. Kwetu mgonjwa hunyweshwa mafuta ya kondoo apate nguvu, basi akaninywesha kikombe kizima. Nilitapika mpaka nyongo. Nikabebwa hospitali.

Daktari aliuliza kama nakunywa pombe. Yeyo alikuwa amesimama hapo, nikasema sijawahi kuonja. Yeye akasema kwa sauti ndogo kwamba alininywesha mafuta. Nikanyamaza. Nilimwachia mzigo wangu, mama aliyenizaa.

Siku ya tatu daktari alirudi tukiwa wawili, nikakubali ukweli. Akanieleza kwamba kongosho iko na seli ndogo zinazotengeneza protini za kusaga chakula. Ukila, mwili unazipa ishara, zinaongeza kazi. Zikilemewa, zinapunguza kutengeneza mpaka zijipange. Protini hizo hutoka zikiwa zimelala, zinaamka zikifika kwa utumbo.

"Pombe yako imeziamsha ndani," akasema. "Kongosho inajisaga yenyewe. Mafuta yalichokoza tu. Ukirudia kunywa, siwezi kukuahidi kitu."

Nilikaa kwa dripu. Nilitoka nimekonda, choo changu kikielea kwa mafuta, nikameza vidonge vya kusaga chakula miezi mingi. Pombe niliacha. Uongo sikuacha.

Halafu dada yangu akajifungua. Mzazi kwetu hupewa mafuta na mama yake. Yeyo alikataa kuyagusa. Akasema, "Mikono hii ilitaka kuua mtoto wangu." Dada akalia. Na mimi, ole wangu, nikamaliza chai yangu nikaenda zangu.

Wiki hiyo sikulala vizuri hata kidogo. Jumamosi nikapanda gari la Kajiado, nikamwambia Yeyo yote.

"Kila asubuhi nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe," akasema. "Ulikuwa unanisikia?"

Nilikuwa nasikia. Miezi ile alipokuwa kwangu akiniuguza, tulilala nyumba moja.

Nawashukuru madaktari na nyinyi mlioniombea. Ukiulizwa na daktari, mwambie ukweli, hata kama mama yako amesimama hapo. Kongosho yangu imepona. Yeyo bado hajagusa mafuta.