Kisu Kilichokwenda Ukweni Kikiwa Wazi

Leodgar ni fundi baiskeli wa Bweri, mtu asiyesema sana, na inajulikana kwamba hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kumshinda. Ndiyo maana muuza visu wa sokoni Musoma alipomwuliza, "Nikuonyeshe kinavyofungwa, fundi?" alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuvaa viatu.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, kizuri, mpini mweusi usioteleza, na bapa jembamba lililotoka kwa sauti ndogo, tak, kama mtu anayekubaliana nawe. Nyumbani alikijaribu kwa karatasi, kwa kipande cha tyubu, kwa vinyweleo vya mkono wake. Vyote vilikatika. Kisha akataka kukikunja. Kikakataa.

Akakibana, akakigonga mgongoni, akakitia mafuta ya mnyororo. Kikazidi kung'aa tu.

"Si umuulize aliyekuuzia," mkewe Nyangi akasema.

"Nikamwambie nini?"

Nyangi alimwelewa.

Shida ni kwamba Jumapili walikuwa wanakwenda ukweni, Butiama. Pasaka iliyopita mzee Bernado, baba yake Nyangi, alimpa heshima ya kuwakatia wageni nyama ya mbuzi, Leodgar akapapasa mifuko yote, akaishia kuomba kisu jikoni. Shemeji yake, Gody, alicheka mpaka akamwaga mchuzi. "Mkwe gani huyu anakujaga mikono mitupu?" Leodgar akaahidi mbele ya wote kwamba safari ijayo atakuja na cha kwake. Sasa anacho. Lakini kuingia ukweni na kisu wazi mkononi, afadhali angekwenda bila suruali.

Akakifunga kwa gazeti, akaongeza kipande cha kanga, juu yake akazungusha mpira wa tyubu.

Mzee Bernado alilipokea furushi kwa mikono miwili, akalipima uzito. "Mkate?"

"Ni kisu, baba."

"Kinaumwa?"

Gody ndiye aliyelifungua. "Hata mtoto wa ubatizo havikwi hivi," akasema, akakibana kisu kwa goti ili akikunje. Kikagoma. Mzee akakisogeza karibu na miwani, akasema labda kimetengenezwa kisilale.

Mama Hilda, mama mkwe, alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua mchele, amewapa mgongo kwa heshima. Tangu Leodgar aoe, yeye na mama mkwe hawajawahi kuongea moja kwa moja. Kila neno lilipita kwa Nyangi, hata wakiwa hatua chache tu.

"Nyangi," mama akasema bila kugeuka, "mwambie mwenzio ndani ya mpini kuna kibati. Akisukume kando kwa kidole gumba. Changu nilichonunua mnadani Bunda kiko hivyohivyo."

Leodgar alisikia kila kitu. Akatazama dari, akasubiri.

"Mama anasema ndani ya mpini kuna kibati, ukisukume kando kwa kidole gumba."

"Ahaa," Leodgar akasema, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.

Kibati kikasogea. Bapa likaanza kuinama, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Gody akapiga makofi. Leodgar, kwa raha, akalisukuma zaidi, kidole gumba bado kiko palepale, kwenye njia ya bapa.

"Nyangi, mwambie atoe kidole!"

Kidole kilitoka kabla Nyangi hajafungua mdomo. Kisu kikajifunga.

"Nimekitoa, mama," Leodgar akasema.

Mzee Bernado akavua miwani. Nyangi akaangalia sakafu kana kwamba kuna kitu amekiangusha. Leodgar akawaza kwamba sasa hata kisu cha jikoni hatapewa. Ndipo mgongo wa mama mkwe ukaanza kutikisika, na mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo.

"Nyangi," akasema alipopata pumzi, "mwambie kumbe sauti anayo. Na mbuzi ameiva, aje akate."

"Mama anasema mbuzi ameiva."

Leodgar akafungua kisu, tak, akaanza kukata. Mnofu wa kwanza, wa paja, aliupeleka jikoni, kupitia kwa Nyangi.