Dole gumba la Baba na usukani wa gemu

Naandika hii kwa mkono mmoja. Dole gumba la kulia limevimba, na makosa ni yangu.

Baba amekuja mjini Arua kutoka kwetu Lurujo kuchukua miwani. Haikuwa tayari, basi nikamwingiza kwenye chumba cha gemu pale mtaani Onduparaka, penye gemu ya rali na usukani kama wa gari la kweli.

Baba aliendesha lori la jeshi miaka mingi. Mimi nilitaka picha ya kuchekesha tu.

Akakaa. Akashika usukani, lakini madole gumba yote mawili akayaacha nje ya duara lake.

"Baba, kunja vidole, shika kabisa."

"Hapana. Jiwe ikipiga tairi, usukani inajizungusha. Dole ikiwa ndani, inavunjika."

"Baba, hii ni gemu. Mawe iko wapi?"

Watu wakacheka. Nikakaa mimi, nimwonyeshe.

Kona ya tatu, gari langu likagonga jiwe pale kwenye skrini. Usukani ukajizungusha kama umenyakuliwa, chuma cha katikati kikanipiga dole. Nililia, jamani, mbele ya watu.

Baba hakucheka. Akaweka dole lake, lile lililopinda, karibu na langu.

"Hii ilivunjikia barabara ya Koboko, kabla ya lami."

Mimi tangu shule nawaambia watu dole lake lilipigwa risasi.

Kisha nikampisha, akaurudia usukani, akaushika polepole.

"Watu walitengeneza hii kitu, nani aliwaambia habari ya jiwe?"

Mwenye jibu aandike hapa chini. Miwani iko tayari sasa, lakini Mzee hataki kutoka kwenye kiti.