Wifi na Bunduki ya Kaka

Wifi yangu ni fundi wa silaha katika kituo cha askari wa wanyamapori, nami ni mpika chai wa kituo hicho hicho. Haya sikusimuliwa na jirani. Niliyaona mwenyewe, sinia mkononi.

Kazi yake kubwa ni kurekebisha shabaha. Askari haendi porini mpaka bunduki yake ifike kiwanjani, ilazwe juu ya mfuko wa mchanga, ijaribiwe kwenye bango la mita hamsini, kisha la mia, kisha la mia mbili. Risasi zikienda kando, wifi husogeza kile kijino cha kulengea mwishoni mwa mtutu. Hukigonga kwa kinyundo kidogo, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Halafu huacha mtutu upoe, maana chuma kikipata moto hudanganya, ndipo bunduki ipigwe tena. Na anayepiga ni yule atakayeibeba, si fundi. Askari wapya huwaambia kila siku, "Kila mtu na jicho lake. Langu mimi halikuhusu."

Bunduki ya kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, alikuwa akiihudumia wifi tu. Hata kuipangusa hakuruhusu mtu. Wenzake wakimtania kwamba anailea bunduki kuliko watoto, hujibu kwamba watoto hawajawahi kumrudisha baba yao nyumbani salama.

Kisha akaja fundi wa pili, binti mwembamba, hodari wa kazi na mchache wa maneno. Tulimwita Kimya. Wifi alimpokea vizuri, akampa meza ya dirishani na kinyundo cha akiba. Zikapita wiki kadhaa za amani.

Asubuhi moja nikiwa nagawa chai, kaka aliingia karakana na bunduki begani. Akaipita meza ya mkewe. Akaipita kweli, kama mtu anayepita duka analodaiwa, akaenda kuiweka kwa Kimya. Wifi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea, ikabidi ajifanye anatafuta kitambaa.

Tangu siku hiyo wifi hakuwa na raha. Wivu wake si wa kujificha: ukimpanda, hata sufuria zinajua. Kaka na Kimya walianza kwenda kiwanjani saa ya mapumziko, wakati wengine wanakula. Wifi alisimama mlangoni akihesabu milio.

"Kurekebisha bunduki gani huko kila siku?" aliniuliza. "Mimi ningekuwa nimeimaliza kabla chai haijapoa!"

"Labda binti anajifunza, wifi."

"Anajifunza kwa mume wangu? Wanaume wameisha?"

Nyumbani alianza kunusa mashati ya kaka. Siku moja nilimkuta uani amelikumbatia shati, uso umemshuka.

"Linanuka nini?" nikamuuliza.

"Mafuta ya bunduki."

"Sasa hiyo si harufu yako mwenyewe?"

"Ndiyo hapo! Yangu au yake? Nitajuaje?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Nikamkumbusha kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, naye akanijibu kwamba amekonda tayari na chanzo ni kaka yangu. Hapo alinishinda.

Alipomuuliza kaka waziwazi, kaka alisema, "Mama watoto, ni bunduki tu," akageukia ukutani akalala. Hata mimi niliona jibu hilo halishibishi. Wifi aliniapia kwamba akipata uhakika, atafunga nguo zake na za watoto arudi kwao, na kaka abaki na mafuta yake.

Doria kubwa ilipokaribia, wifi aliona mwanya. Alimwendea mkuu wa kituo mbele ya watu wote.

"Mkuu, kuna bunduki moja siiamini. Naomba ijaribiwe kabla haijatoka."

"Ya nani?"

"Ya mume wangu. Huyu binti ndiye aliyeirekebisha."

Mkuu ni mtu asiyependa maneno mengi. Alisema fundi anayempeleka askari porini na bunduki mbovu hana nafasi kwake. Ikionekana mbovu, binti atarudi alikotoka siku hiyo hiyo. Kaka akafungua mdomo, akaufunga. Tukaenda kiwanjani wote. Na mimi nilikwenda na birika langu, nani angebaki?

Wifi alilala chini, kitako cha bunduki begani, akapiga tatu kwenye bango la hamsini. Tatu zilikaa pamoja, vidole viwili kushoto kwa kitovu cha bango. Akangoja mtutu upoe. Nilimwona anavyojizuia kutabasamu. Kwenye mita mia, vidole vinne kushoto. Kwenye mia mbili, vidole vinane.

Akasimama akijikung'uta vumbi. "Mnaona? Ingekuwa upepo, risasi za mbali zingesukumwa zaidi ya hivi. Hapa umbali ukizidi mara mbili, na kosa linazidi mara mbili. Hiyo ni shabaha mbovu, imewekwa na mtu asiyejua kazi. Kesho mume wangu angekutana na nyati na bunduki hii!"

Aliposema "mume wangu" alimtazama Kimya. Sijapata kumwona mtu akilitamka neno hilo kwa nguvu vile.

"Una la kusema?" mkuu alimuuliza binti.

Kimya alimwangalia kaka. Alimwangalia tu, muda mfupi, kama anayeomba ruhusa, na wifi akaliona jicho lile, wivu ukampanda mpaka utosini. Kisha binti akainamisha kichwa. "Nimekosea, mkuu."

"Basi kafungashe."

Binti aliweka kinyundo chake juu ya mfuko wa mchanga, akageuka kuondoka. Alikuwa amefika kwenye uzio kaka aliposema, "Ngoja."

Akaja akaichukua bunduki mikononi mwa mkewe. "Umesahau somo lako mwenyewe, mama watoto. Anayepiga ni mwenye bunduki."

Akalala chini, akaweka kitako kwenye bega la kushoto.

Kaka yangu ni mtu wa mkono wa kulia tangu utotoni. Hula kwa kulia, hunyoa kwa kulia, na alinichapa kwa huo huo tulipokuwa wadogo. Sasa nikamwona amelaza shavu la kushoto kwenye bunduki, jicho la kulia amelifumba, mwili umetulia kama wa mtu aliyekwisha kuzoea. Alipiga tatu kwenye bango la mia mbili. Mkuu akaenda mwenyewe kutazama, akarudi polepole. Zote zilikuwa katikati: shabaha ilikuwa imewekwa kwa jicho la kushoto.

"Jicho la kulia lina nini?"

"Lina ukungu, mkuu. Tangu kiangazi."

Mkuu aliinyanyua ile bunduki akaitundika begani mwake. Alimwambia kaka kwamba kesho haendi porini bali kwa daktari wa macho, na hadi daktari aseme, atalinda lango. Kimya akaambiwa arudi kazini. Watu wakatawanyika wakitazama viatu vyao. Wifi alibaki amesimama mbele ya bango, akigusa yale matundu matatu kwa kidole, moja baada ya jingine.

Jioni alikuwa jikoni akikata vitunguu nami nikiosha vyombo. Kaka akaja akasimama mlangoni.

"Niliogopa ungeniondoa porini," alisema. "Wewe ndiye fundi mkuu. Ungejua, ingekulazimu useme."

"Ingenilazimu."

"Basi usinikasirikie kwa mapenzi ambayo hayakuwepo. Yule ni mtoto tu, alinisaidia."

Wifi aliweka kisu chini. "Ungekuwa na mapenzi naye ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningeondoka, watu wangenionea huruma. Lakini umekaa na giza kwenye jicho miezi yote hii, umelala pembeni yangu, na ulipotafuta wa kumwambia ukamtafuta yeye. Hilo nalifanyaje?"

Kaka akaondoka mlangoni, tukasikia kiti kinavyolia uani alipokaa.

"Na wewe ulijua?" wifi akaniuliza.

"Haki ya Mungu, sikujua."

Nilitaka kumtania kidogo, kama kawaida yetu, nimwambie sasa shati linuswe upya. Badala yake nikajikuta namchukia yule binti wa watu, mpole, asiye na kosa. Mimi nilizaliwa na kaka tumbo moja, ninampelekea chai kila asubuhi, ninamtazama usoni ninapompa kikombe. Mbona mimi hakuniambia?