Pembe ya Minong'ono

Kwa miaka thelathini na mmoja Loredana Ghedini aliwatembeza wageni mjini Bologna akiwa ameinua mwavuli wa njano, jua liwake au mvua inyeshe. Miaka miwili ya mwisho alifanya hivyo akiwa kiziwi.

Hakumwambia mtu. Sikio la kushoto lilizimika kwanza, kama taa ya jirani. La kulia likafuata polepole. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kazi hii ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi. Basi akajifunza kusoma midomo. Maswali ya wageni nayo si mengi: mnara huu una urefu gani, tutakula wapi, vyoo viko wapi.

Mahali pamoja tu palimtia hofu: chini ya kuba la jumba la kale, kando ya uwanja mkuu. Pale mtu akinong'ona pembeni, uso ukutani, mwenzake wa pembe ya mkabala humsikia kana kwamba wamelalia mto mmoja. Wageni hawaondoki Bologna bila kuujaribu ukuta huo. Na uso ukiwa ukutani, hakuna midomo ya kusoma.

Dawa alikuwa nayo tangu zamani, ya siku ambazo kelele za uwanja zilimeza minong'ono. Alimfundisha hata Tazio, mtembezaji mwenzake aliyeanza kazi chini ya mkono wake. "Usijisumbue kusikiliza, mwanangu. Wote huuliza lilelile: unanisikia? Hesabu mpaka tano, kisha jibu."

Tazio alicheka sana siku hiyo. Hakusahau.

Jumanne moja ya Aprili, Loredana alimkuta Tazio kwenye mkahawa chini ya matao, ameketi na Bwana Baravelli, mwenye ofisi yao.

"Mama Lori, umependeza," Tazio alisema. "Mwavuli huo utazikwa nao?"

"Nikizikwa nao, wewe utanyeshewa."

Baravelli hakucheka. "Bi Loredana, leo nafuatana nanyi. Watu wawili wamelalamika kwamba huwajibu. Ukifanya vizuri, msimu huu ni wako. Usipo..." Akainama kukoroga sukari, na maneno yaliyobaki yakazama kikombeni. Hakuyahitaji.

Wageni walikuwa wastaafu kutoka Torino; Baravelli na Tazio walifuata nyuma yao. Aliwatembeza kama anayewaonyesha nyumba ya mama yake. Wakacheka pa kucheka, wakanyamaza pa kunyamaza. Walipofika kwenye kuba, alimweka pembeni bibi mmoja mwenye kofia nyekundu, naye akaenda pembe ya mkabala, akalaza paji la uso kwenye jiwe baridi.

"Karibu Bologna, mpenzi," alinong'ona.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Nakusikia sana! Una sauti tamu. Uliza utakalo."

Akahesabu tena.

"Ndiyo, mpenzi. Hakika ndiyo!"

Akageuka na tabasamu lake, tayari kupokea makofi.

Bibi wa kofia nyekundu alikuwa amesogezwa kando, mkono mdomoni. Aliyesimama pembeni pale alikuwa Baravelli. Baadhi ya wageni walicheka. Wengine walitazama viatu vyao.

Baravelli alimjia, akazungumza taratibu, akipanua mdomo kama anayemlisha mtoto uji. "Nilisema: Loredana, kama unanisikia, inua mwavuli. Ukanisifu sauti. Nikauliza: umekuwa kiziwi? Ukasema hakika ndiyo."

Loredana alimtazama Tazio.

"Hesabu mpaka tano, kisha jibu," Tazio alisema. "Umenifundisha mwenyewe, Mama Lori."

"Umekula mezani kwangu."

"Na tambi zako zilikuwa tamu."

Tazio akauchukua mwavuli mkononi mwa Loredana. Ulitoka bila ubishi. Vidole vyake vilikuwa vimeuachia tangu aliposikia kwa macho lile neno kiziwi. Tazio akauinua juu, na wastaafu wa Torino wakaufuata, kama wageni wafuatavyo chochote kilichoinuliwa.

Bibi wa kofia nyekundu peke yake alibaki. Alimshika mkono Loredana, akasema jambo, midomo ikitetemeka. Akalisema tena. Lakini macho ya Loredana yalikuwa yamejaa maji, na midomo ile haikusomeka.

Akahesabu mpaka tano.

"Vyoo viko kushoto," alijibu kwa upole, "ukishapita chemchemi."