Nne Kamili ya Profesa

Karani wa ofisi ya mitihani aligoma kunipa karatasi yangu ya matokeo.

Aliishikilia, akanitazama, akauliza, "Binti, hii kazi ya ukufunzi msaidizi hukuitaka, au ni jeuri tu?"

Niitake mara ngapi? Mama alishaanza kuniita mwalimu.

"GPA yangu haikufika," nikamwambia. "Mlitaka nne nukta mbili. Mimi nina nne kamili."

Akanigeuzia karatasi. GPA ya mwaka wa mwisho: 4.25.

Nikaisoma mara mbili.

Hiyo nne kamili nilipewa na Profesa. Si profesa wa kweli, ni rafiki yangu wa darasani, tulimwita hivyo kwa sababu ya kichwa chake. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, darasa zima lilimkimbilia atupigie hesabu. Mimi na namba hatupikiki chungu kimoja, basi nikampa na simu yangu atumie, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeisha chaji.

"A ni tano, B nne, C tatu," alisema. "Jumla kumi na mbili, gawanya kwa masomo matatu. Nne kamili. Pole, dada'angu."

Nikalia. Akaninunulia soda. Sikuomba kazi, siku ya mwisho ikapita.

Karani akanieleza taratibu. "A yako ni ya utafiti, una uzito wa uniti sita. Hayo mengine uniti tatu tatu. Unazidisha kila alama kwa uniti zake, unajumlisha, ndipo unagawanya kwa uniti zote. Hamsini na moja kwa kumi na mbili. Nani alikudanganya?"

"Hakunidanganya, alikosea tu."

Nikamtetea! Mjinga mimi.

Nikiwa kwenye ngazi nikafungua kikokotoo cha simu nirudie hesabu. Huwa sikigusi. Hesabu za siku ile zilikuwa bado zipo, mistari miwili:

51 ÷ 12 = 4.25

12 ÷ 3 = 4

Jibu sahihi alilipata kwanza. Halafu akatafuta lingine la kunipa.

Nikampigia. "Kaka, ile 4.25 uliiona?"

Akasema, "Nafasi ilikuwa moja, dada'angu. Mimi nina 4.2 tu. Jumatatu naanza kazi."

Jamani, hesabu ya GPA ni dakika tano. Ipige mwenyewe, hata kama namba zinakutoa jasho.

Kazi nitapata nyingine. Inayoniuma ni ile soda. Aliinunua huku anajua.