Mbuzi na Sakafu Inayong'aa

Jina la Mbuzi alijipatia mwenyewe, tena kwa jasho lake. Ilikuwa wiki ya pili tangu aanze kazi katika karakana ya kuunda bodi za umeme za vitanda vya joto, vile vya watoto njiti. Alisimama mbele ya wanawake kumi na wawili wa solda akawahutubia juu ya umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mtu akitembea au akivua sweta, kisha unaruka kutoka kwenye kidole bila mwenyewe kuhisi kitu, na chipu inakufa.

"Chipu haipigi kelele!" alisema, mkono mmoja juu. "Inakufa kimya! Na mtoto aliyelala kwenye kitanda hicho hana nafasi ya pili!"

Kisha akageuka aondoke kwa kishindo, kama mtu aliyewaachia watu jambo zito la kufikiria. Alikuwa amesahau kwamba mkononi amevaa bangili ya ethi, ile ya kitambaa yenye waya wa kujiviringa unaofungwa kwenye meza ili umeme wa mwili ushuke ardhini. Waya ulinyooka mpaka ukamaliza urefu wake, ukamrudisha nyuma, akakalia trei. Bahati nzuri ilikuwa tupu.

"Jamani," mama mmoja akasema bila kuinua macho kwenye kazi yake, "kamba ya mbuzi imefika mwisho."

Siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likazikwa. Hata bosi, ambaye huvaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani, alimwita Mbuzi kwenye mkutano wa mwezi, akaomba radhi, akamwita tena.

Mbuzi hakujali sana, au alijitia hajali. Alikuwa na stashahada ya chuo cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki, na alikuwa na imani. Aliamini kwamba watu wa kwao wanaweza kuunda kitu kikafanya kazi miaka ishirini bila kufungwa kwa mpira wala kupigwa kofi ubavuni. Aliamini hivyo kwa sauti kubwa, wakati wa chai, wakati wa chakula, na mara moja msalani, kupitia ukuta.

Aliyemtafutia kazi hiyo ni mama yake mdogo. Pale kazini walimwita Mama Solda. Alikuwa na miaka kumi na tisa pale, sasa kwenye kiti namba saba, na nusu ya wale wanawake yeye ndiye aliyewafundisha kushika chuma cha moto. Tone lake la solda lilitua dogo, la mviringo, linang'aa, na yeye akawa ameshahamia jingine. Nyumbani kwake, katika chumba cha uani, ndiko Mbuzi alikolala. Chakula chake ndicho alichokula. Kule mama mdogo alimwita "baba". Kazini alimwita "injinia", na kila akilitamka neno hilo alionekana kama anabana kicheko kwenye shavu.

Miezi sita Mbuzi alimganda bosi kuhusu sakafu.

"Bangili ni ya mtu aliyekaa, bosi. Akisimama anaifungua. Akitembea na trei mkononi, nani anamtoa umeme?"

"Nani?"

"Sakafu!"

Bosi akachoka, au akaelewa. Mbuzi hakutaka kuchunguza ni lipi. Sakafu ikaja. Ilikuwa ya mpira mweusi, wa aina inayopitisha umeme polepole, ikabandikwa kwa gundi yake maalumu juu ya kanda nyembamba za shaba zilizoungwa na nondo ya ethi nje ya ukuta. Kila mfanyakazi alipewa kanda za kuvaa kisiginoni, ili umeme upite mguuni ushuke kwenye mpira na kutoweka. Siku ilipokamilika, Mbuzi alipiga magoti akapima kila pembe kwa mita yake na vizito viwili vya shaba nyeupe, vizito kweli kweli, unakiweka kimoja hapa na kingine pale na kusoma. Vipimo vyote vilikuwa vizuri. Machozi yalimlengalenga, akasingizia gundi.

Akaanzisha na daftari. Kila asubuhi sakafu ipimwe sehemu tano, iandikwe SAWA au SI SAWA, na msimamizi wa ubora atie sahihi. Msimamizi wa ubora alikuwa yeye. Mwezi wa kwanza alipima kila siku. Mwezi wa pili alipima Jumatatu. Mwezi wa tatu aligundua kwamba vile vizito vinaumiza mgongo na kwamba sakafu nzuri haihitaji kushukiwashukiwa. Basi Jumatatu akawa anashika kalamu na kuijaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja, sawa, sawa, sawa, mpaka Ijumaa, na sahihi yake yenye mkia chini ya kila siku. Halafu anakwenda kuwahutubia wanawake juu ya uadilifu.

Kulikuwa na mzee wa usafi. Walimwita Mzee Deki. Wageni kutoka kwa wanunuzi walipotaka kuja kuona sakafu mpya, Mbuzi alimshika bega.

"Mzee wangu, hii ndiyo fahari yetu. Nataka mgeni akiinama ajione uso."

Mzee Deki alikuwa amefanya kazi pale miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwomba chochote ila apishe njia. Ombi lile lilimwingia. Wageni walipokuja waliikuta sakafu kama maji ya kisima. Mmoja alichezesha nyusi zake humo. Mbuzi alimshukuru mzee kwa mikono miwili, na kuanzia hapo kila Jumamosi mzee akabaki peke yake, akaing'arisha upya.

Kisha ukaja msimu wa hewa kavu, ambao umeme tuli huzidi, na bodi zikaanza kufa.

Wiki ya kwanza chumba cha majaribio kilikataa tatu. Ya pili tisa. Ya tatu mnunuzi akarudisha nyingine nne zilizopita majaribio zikiwa hoi na kufia huko huko, na barua fupi isiyo na salamu. Kila bodi ina namba ya kiti cha aliyeiunda. Karibu zote zilikuwa na saba.

Bosi aliita watu. Miwani ilikuwa usoni, na hilo peke yake liliwatisha.

"Mnunuzi anasema zikifika kumi zaidi, anahama. Akihama, tunafunga. Mbuzi, Ijumaa saa tatu nataka sababu. Na kama sababu ina jina la mtu, mtu huyo aende nyumbani."

Mbuzi hakuhitaji mpaka Ijumaa. Akili yake ilikwisha kufika. Bangili! Alikuwa amemwona mama yake mdogo mara mbili akiwa amesimama bila bangili. Ni kweli alikuwa njiani kupeleka trei chumba cha majaribio, na kiti namba saba ndicho cha mbali kuliko vyote, hatua ishirini na mbili; wenzake walipitisha za kwao dirishani. Ni kweli pia kwamba aliyempangia kiti hicho ni Mbuzi mwenyewe, kwa sababu kina mwanga mzuri na macho yake yalianza kuchoka. Lakini mtu wa misingi haangalii undugu. Alijisikia mkubwa sana kwa kutoangalia undugu. Alijisikia kama sanamu.

Ripoti aliiandika jioni ya Jumatano, kurasa nne, kwenye meza ya kulia chakula ya mama mdogo, akiifunika kwa kiwiko kama mtoto kwenye mtihani. "Mfanyakazi wa zamani asiyeweza kubadilika," aliandika. "Huvaa bangili pale tu anapoonwa." Mama mdogo akatua sahani karibu na kiwiko.

"Kula kwanza, baba. Kazi haikimbii."

"Asante, mama."

Akala. Mpaka leo akifika hapa katika kusimulia, yeye mwenyewe ndiye anayefunika uso. Anasema alikula, akaongeza, na akaomba chumvi.

Ijumaa alifika kabla ya watu wote, akaisukuma ripoti chini ya mlango wa bosi. Ripoti ilikosa kitu kimoja: namba za sakafu, za kuonyesha kwamba sakafu haina hatia. Akatoa vizito kabatini; vilikuwa na vumbi. Akaviweka chini, akawasha mita. Mshale ukakimbilia mwisho ukalala huko.

Akagonga mita. Akabadilisha betri. Akahamia pembe nyingine, akasogea katikati, akaenda mlangoni. Mshale uling'ang'ania kule kule. Kwa mujibu wa mita, alikuwa amesimama juu ya kioo, kitu kisichopitisha umeme.

Akainama. Akajiona uso. Akapitisha ukucha, na chini ya ukucha pakabaki kitu cheupe, laini, chenye harufu ya dawa ya kiatu. Nta. Tabaka juu ya tabaka, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nta haipitishi umeme. Kanda za kisiginoni zilikuwa zinakanyaga nta, na umeme wa mtembeaji haukuwa na pa kwenda ila kwenye trei aliyoibeba. Na mtu aliyetembea na trei kuliko wote, hatua ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, ni wa kiti namba saba.

Alichukua kitambaa na spiriti akasugua viraka viwili vya ukubwa wa sahani mpaka mpira ukarudi kuwa mweusi usio na raha. Akapima hapo. Safi kabisa, kama siku ya kwanza.

Akafungua daftari aone ni lini lilianza. Halikusema lini. Lilisema SAWA. Lilisema SAWA jana, juzi na kabla ya juzi. Lilisema SAWA leo, Ijumaa, sehemu zote tano, na sahihi yenye mkia, ingawa Ijumaa ilikuwa ndiyo kwanza inatoa pua.

Mbuzi alikaa chini nyuma ya kabati. Tuseme ukweli, jambo la kwanza lililomjia si toba. Lilikuwa hesabu. Nta inaondolewa kwa siku mbili. Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Ripoti ikisomwa leo, sakafu ikisafishwa kesho, Jumatatu bodi zitapona, na kila mtu ataona kwamba zilipona baada ya kiti namba saba kuondoka. Angesifiwa. Hesabu ilikuwa nzuri mno, haikuwa na kosa hata moja, na ilimtisha jinsi alivyoipata haraka.

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mdogo, peke yake, mkoba begani. Hakumwona. Akatembea hadi kitini kwake, na kabla hajatua mkoba, kabla hajakaa, akavaa bangili, akaifunga kwenye meza, akabonyeza kitufe cha kuipima. Taa ya kijani ikawaka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa. Ndipo akatua mkoba.

Hakukuwa na mtu wa kumwona.

Saa tatu, chumbani kwa bosi, Mbuzi aliomba Mzee Deki naye aitwe. Mama Solda alikaa karibu na mlango, mikono mapajani.

"Ripoti yako ninayo," bosi akasema. "Mapendekezo ya Kuondoa Chanzo cha Hasara. Kurasa nne! Nifupishie. Chanzo ni nani?"

Mbuzi alikuwa ameandaa sentensi ndefu. Ikapotea yote.

"Ni mimi, bosi."

"Ukurasa wa tatu hausemi hivyo."

"Ukurasa wa tatu ni wa mjinga mmoja."

Akaeleza. Alipofika kwenye nta, Mzee Deki aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Lakini si wewe uliyetaka watu wajione?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi. Nisionekane nimejitungia."

"Hujajitungia kitu, mzee wangu. Hakuna aliyekwambia, na wa kukwambia nilikuwa mimi."

Bosi alivuta daftari, akasoma, akalamba kidole, akafunua. "Leo ni sawa. Umeandika kwa mkono wako. Na Jumatatu ijayo vipi, nayo utaipitisha, au tuisubiri ifike?"

Mama Solda akakohoa. Kilikuwa kicheko kilichokosea njia.

Hukumu ilikuwa fupi. Mama Solda arudi kitini. Usimamizi wa ubora uondoke kwa Mbuzi. Nta itoke kabla ya Jumatatu, na atakayeitoa asimame. Alikuwa tayari amesimama.

Siku mbili alisugua kwa magoti, yeye upande huu na Mzee Deki upande ule, japo mzee hakulazimishwa. "Siwezi kuangalia mtu akisugua vibaya hivyo," mzee alisema, akamnyang'anya brashi amwonyeshe. Jumapili jioni mpira wote ulikuwa mweusi, umefubaa kama mkaa. Mzee aliutazama kwa huzuni.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana," Mbuzi akasema, na hakuwahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Nyumbani, magoti yakiwa yamevimba, alikaa mbele ya sahani na akashindwa kuianza.

"Mama, ile ripoti..."

"Niliisoma Alhamisi. Uliiacha mfukoni mwa shati, nami ndiye ninayefua." Akasogeza chumvi karibu naye bila kuombwa. "Asiyeweza kubadilika! Mimi! Nepi zako alikubadilisha nani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama utaisoma kwa sauti. Ungeisoma, baba, ungetafuta pa kulala." Akajipakulia mwenyewe. "Sikulala vizuri usiku ule. Hilo nalo liandike."

Sasa daftari liko kiti namba saba. Haliandikwi SAWA; linaandikwa namba. Kila asubuhi, kabla chuma cha kwanza hakijapata moto, wanawake kumi na wawili wanaketi wakitazama Mbuzi akibeba vizito vyake kutoka pembe hadi pembe, anapiga magoti, anasoma mita kwa sauti. Mama mdogo ameshika kalamu, haandiki.

"Rudia, injinia."

Anairudia.

"Sogea uisome vizuri."

Anasogea, anaisoma vizuri, na hapo ndipo kalamu inaposhuka.