Mkwe, Mama Mkwe na Vinu vya Upepo

Kwa miaka mingi nilikuwa na mkwe ambaye nilimjua kwa viatu tu.

Siku alipoletwa kwetu Ndalu kutoa mahari, mimi nilijifungia jikoni kama inavyotakiwa. Nikachungulia chini ya pazia, nikaona viatu viwili vya ngozi ya kahawia, virefu hata nikajiuliza binti yangu ameleta mtu au mlingoti. Nikarudi kwenye sufuria zangu. Wageni wakala, wakashiba, wakaenda, na mimi nikasifiwa kwa kutoonekana.

Kwetu Bungoma, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, mpaka ukoo uwafanyie shughuli ya kuondoa haya. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke mzima, kiongozi wa akina mama kanisani, akitumbukia kwenye mahindi ya watu na beseni la nyanya kichwani, eti kwa sababu mkwe wake ametokea kwenye kona na baiskeli. Alikwaruzwa mpaka shingoni, nyanya zikamwagika. Jumapili tulimpongeza.

Basi huyu wangu ni Mholanzi. Binti yangu alitoka Kitale kwenda kusomea kilimo cha maua huko kwao, akaota mizizi, akaolewa. Walipopata mtoto na mtoto akaanza kutembea, wakaniita nikamwone. Mimi ni mwalimu mstaafu na nina ng'ombe wa kukamuliwa, lakini mjukuu ni mjukuu. Nikamwachia mzee wangu ng'ombe na maombi, nikaanza kufunga mizigo.

Kabla sijaondoka, wifi yangu alikuja kutoka Misikhu kunipa masharti. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na katika ukoo wetu yeye ndiye mahakama ya rufaa. Aliketi, akanywa chai vikombe vitatu, ndipo akaniita wifi kwa lugha yetu:

"Mulamwa, mwacha mila ni mtumwa. Ukilala kwa nyumba ya huyo kijana, au umpatie mkono, usinikanyagie kwangu."

"Sasa nitalala wapi, dada? Kwa miti?"

"Hiyo ni shida ya Wazungu. Wana nyumba mingi."

Basi nilipofika huko kwao nikalala kwa jirani yao, ajuza mjane mwenye paka mnene, ambaye hakuelewa kwa nini mama wa watu anakimbia nyumba ya bintiye kila jioni. Mchana binti yangu aliniletea mtoto. Mkwe akiwa anapita nje, mimi nilikuwa nageukia kabati. Kabati la yule mjane nililifahamu vizuri sana.

Jioni moja binti yangu alikuja peke yake, akaketi na uso wa kulia.

"Mama, Desemba hatuji nyumbani."

"Ati nini?"

"Amekataa. Anasema hawezi kupeleka mtoto kwa nyanya anayemtoroka baba yake. Mama, yeye alifiwa na mamake akiwa mdogo. Aliponioa alifikiri amepata mama. Sasa anaona unamchukia."

"Namchukia? Mimi? Si ninamheshimu!"

"Nimemweleza mpaka nimechoka. Anasema heshima gani hiyo, hata 'hujambo' hakuna." Akanishika mkono. "Kesho nimetukatia tiketi za matembezi, basi zima na mtu wa kutuongoza. Msalimie mara moja tu, Mama. Mara moja."

Sikulala usingizi wa maana. Yule mtoto alikuwa ameshajifunza kuniita Kukhu, yaani nyanya. Nilikuwa nimemtengea ndama huko Ndalu, jike, mwenye doa jeupe usoni. Nikimsalimia baba yake, wifi atanitenga. Nisipomsalimia, mtoto atakua akinijua kwa simu tu. Niliona uchungu, na nilimkasirikia kila mtu, pamoja na yule paka.

Asubuhi tukapanda basi. Mimi nikakaa kiti cha mbele kabisa, mkwe akapelekwa kiti cha nyuma kabisa, na binti yangu akawa anatembea katikati na mtoto kama mbunge anayetafuta kura. Kiongozi wetu alikuwa mama wa nywele nyeupe aliyebeba mwavuli wa rangi ya machungwa, na haukuwa wa mvua. Ulikuwa wa kuamrisha. Ukiinuliwa, watu wote wanakwenda. Ukishushwa, wanasimama. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi na sijawahi kupata utiifu kama ule.

Tukafika kijiji cha vinu vya upepo. Ni vizuri, sitasema uongo: vimesimama kando ya maji, mabawa yanazunguka polepole. Kiongozi akaeleza jinsi vilivyosaga, vilivyopasua mbao na vilivyovuta maji mashambani. Nikamuuliza leo vinasaga nini. Akasema viwili vitatu bado vinasaga kidogo, kuonyesha wageni. Kwetu Ndalu watu hupanga foleni kwenye kinu na debe la mahindi, na ukirudi bila unga, watoto wanalala njaa. Hapa walipanga foleni na simu, wakarudi na picha, wakaridhika. Nikawaza, kile kinu chetu chenye mkanda uliokatika, tukikipaka rangi ya kijani na kuweka mama mwenye mwavuli pale mlangoni, labda kitatulisha zaidi kikiwa kimeharibika.

"Sasa tutapanda juu," akasema mwenye mwavuli.

Ngazi ya ndani ya kinu ilikuwa imesimama wima kama ya kupandia ghala la mahindi. Nimepanda ghala tangu niolewe, sikuogopa. Binti yangu akabaki chini na kigari cha mtoto. Nikashika, nikapanda, sketi yangu ya kanisani ikanifuata. Nilipofika katikati nikasikia mtu anahema chini yangu. Nikatazama kupitia vidato.

Viatu vya kahawia.

Woi! Mama mkwe juu ya ngazi, na mkwe chini yake! Hata wifi yangu, na akili yake yote ya kutafuta makosa, hakuwa amefikiria hilo. Nikaganda. Sikuweza kupanda, kwa maana kila hatua ni aibu, na sikuweza kushuka, kwa maana huko ndiko aliko. Yeye akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Akainua mikono miwili anidake.

"Usinishike!" nikapiga kelele. "Haki ya Mungu, usinishike! Ninaruka!"

Foleni yote ikasimama. Binti yangu akapaza sauti kutoka mlangoni kwa lugha yao, maneno mengi na ya haraka. Sikujua amesema nini. Niliona tu viatu vinashuka upesi, vinakwenda kando, na yule mtu mrefu anageukia ukuta wa mbao, anaufunika uso wake kwa viganja viwili kama mtoto anayecheza kibe.

Mwenye mwavuli akamuuliza binti yangu kama hayo ni mambo ya dini. Binti yangu, kwa kuchoka, akasema ndiyo. Basi mama yule akainua mwavuli, akatangaza kwa lugha mbili kwamba wanaume wote wageuke watazame ukuta kwa heshima ya utamaduni wa mgeni wetu. Na wakageuka! Wazee wenye kamera, vijana wenye mikoba mgongoni, hata fundi wa kinu aliyekuwa anapaka mafuta, wote pua ukutani. Nikapanda taratibu. Hata gavana hajawahi kupokewa hivyo Kitale.

Nilipofika juu, watu wakaambiwa wageuke. Nikatazama mashamba yaliyo chini kuliko maji, na ng'ombe wanono mpaka nikaona wivu. Kisha nikachungulia kwenye tundu la ngazi. Wenzake wote walikuwa wameshageuka na kuendelea na simu zao. Yeye peke yake alikuwa bado ukutani, uso viganjani. Hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha, naye hakuuliza. Moyo ukaniuma. Nikajisemea, mwanamke wewe, leo utamsalimia huyu mtoto wa watu, na wifi afanye atakalo.

Lakini utamsalimia vipi mtu aliyekwisha kujifunza kugeuka? Maana kuanzia hapo mkwe wangu alikuwa mwanafunzi bora kuliko mwalimu. Nikitokea upande huu, yeye anageuka upande ule. Tulipofika kijiji cha wavuvi na binti yangu akatununulia samaki kwenye mkate, nilitafuta pa kujificha nile. Kabla sijapata, yeye alikuwa ameshaenda ukingoni mwa gati, amenipa mgongo, anakula akitazama maji. Ndege mmoja mweupe akashuka akaondoka na mkate wake wote. Hakugeuka hata kulalamika.

Kijiji chenyewe hakikuwa na wavuvi. Kiongozi alieleza kwamba zamani serikali yao ilijenga ukuta ikafunga bahari, maji ya chumvi yakawa ziwa, samaki wao wakaisha, na wavuvi wakabaki na suruali. Ndizo wanazovaa sasa kwa wageni, pana kama magunia mawili yaliyoshonwa pamoja. Niliwatambua mara moja. Huko kwetu mlimani pia wako vijana wanaovua jinzi wageni wakija, wakavaa ngozi za mbuzi, wakaruka kidogo, kisha wakarudi kwenye jinzi na bodaboda zao. Nikampungia mzee mmoja mkono kama ndugu. Naye akanipungia, pengine kwa sababu ndiyo kazi yake.

Hapo kijijini kuna duka la kupiga picha ambamo unavishwa nguo zao za zamani. Ndipo akili ikanijia. Nilivishwa sketi nzito yenye mistari, shanga nyekundu shingoni, na kofia nyeupe iliyochongoka juu kama paa la kanisa. Viatu vya mbao nikavikataa. Mimi nimetoka kwenye matope ya Ndalu, siwezi kurudi nimevaa kuni. Nikabaki na sandaki zangu za plastiki. Nikajitazama kwenye kioo na kuona mke wa mvuvi, mweusi kidogo, lakini mke wa mvuvi. Nikajisemea: huyu si mama mkwe wa mtu. Mama mkwe yuko Ndalu. Huyu mwenye kofia hana mila yetu, anaweza kumsalimia mwanamume yeyote. Tena mbona wanasheria wa Bungoma wanashinda kesi kwa hoja mbovu kuliko hiyo?

Nikaketi kwenye kiti, mtoto mapajani, binti yangu kando. Mkwe akaingia na suruali ya magunia, akasimamishwa nyuma yangu. Salamu nilikuwa nayo ulimini, nimeifanyia mazoezi kwa kioo. Mpiga picha akahesabu. Nikageuza shingo, kofia ikagonga binti yangu jicho, nikafungua kinywa.

Mkwe wangu alikuwa amegeuka. Alikuwa ametazama pazia la nyuma, mikono ameikunja, ameipa kamera mgongo wake wote. Mpiga picha akamsihi, akakataa. Mwavuli ukainuliwa nje, basi linaondoka, tukavuliwa nguo haraka. Siku chache baadaye nikapanda ndege, salamu yangu imekwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye uwanja wa ndege binti yangu alinikumbatia bila kusema neno juu ya Desemba, nami nikajua maana yake.

Picha ile ilinitangulia kufika. Binti yangu aliituma kwenye kundi la simu la ukoo, na nilipofika Ndalu wifi alikuwa ameshapata nauli na hasira. Alinikuta zizini.

"Kofia nimeiona," akasema. "Sketi nimeiona. Nikasema huyu ni Mzungu mgani mweusi hivi? Halafu nikaona sandaki."

"Dada, ngoja nieleze."

"Nani alikuambia unaweza kukaa kwa picha na mkwe?" Akaileta simu karibu na pua yangu. Kisha akaikuza picha kwa vidole. "Na huyu amesimama nyuma anatuonyesha mgongo ni nani?"

"Ndiye huyo."

"Ameambiwa ageuke?"

"Hakuambiwa."

Nikamwambia yote, ngazi, ukuta, viganja, hata yule ndege mwizi. Na sababu ya Desemba nikamwambia. Nililia nikiwa nimeshika ndoo ya maziwa, sikujali. Wifi akaitazama tena ile picha.

"Watoto wetu wa hapa," akasema, "wanakutana na mama mkwe sokoni Kitale wanamwambia 'Niaje, mathe'. Huyu wa ng'ambo anatazama pazia." Akaniangalia kwa ukali. "Na wewe, miaka hiyo yote, ulishawahi kutuambia tumfanyie ile shughuli ya kuondoa haya?"

"Hapana. Nilikuogopa."

"Basi asiye na adabu hapa ni wewe."

Akabonyeza simu hapo hapo zizini, akatuma ujumbe wa sauti kwa binti yangu: mkwe aambiwe aje Desemba, shangazi ameita, na mama mkwe akikataa kumsalimia atachapwa.

Wakaja. Wifi aliweka langoni blanketi jipya na jogoo, vya shughuli, wazee wakakaa kwenye viti vya kanisa, nami nikasubiri jikoni nyuma ya pazia lile lile. Gari likasimama. Nikaviona vile viatu vinashuka, vinafika langoni, halafu vinageuka. Alisimama akiwa amelipa boma mgongo, akitazama ng'ombe wa jirani juu ya ua, jua linamchoma shingo. Watu wakaguna kwa furaha. Wifi akanivuta nje kwa kiwiko.

"Mulembe," nikamsalimia.

"Mulembe, mama," akamjibu ng'ombe.

"Mwambie ageuke bana," akasema wifi. "Huyo ng'ombe si mama mkwe wake."

"Geuka, mwanangu," nikasema. Akageuka polepole. Alikuwa ameyafumba macho kwa nguvu mpaka uso umekunjamana, na machozi yalikuwa yanapenya hapo hapo. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia afumbue.

Kumbe ana macho ya kijivu.